Ramadhani naacha, Idi narudi: je, mikutano ya AA itanifaa?

*"Mimi ni mwalimu wa shule ya upili hapa Mombasa, umri miaka 43, Muislamu, nina mke na watoto watatu. Nimekunywa kisirisiri kwa karibu miaka 15. Zamani ilikuwa mwisho wa wiki tu. Siku hizi ni kila jioni, chupa ya robo lita ya pombe kali, ndani ya gari, kisha natafuna tangawizi ndipo niingie nyumbani. Kila Ramadhani naacha mwezi mzima, kwa hiyo najua mimi si mlevi. Lakini Ramadhani iliyopita, baada ya vunja jungu, siku ya pili ya mfungo mikono ilitetemeka mpaka nikashindwa kuandika ubaoni. Nilitokwa na jasho, usiku sikulala. Nilivumilia, nikafunga zote. Idi pili nilikuwa nimesharudi. Mke wangu amegundua. Jirani amemwambia kuna dawa ya unga inayotiwa kwenye chai bila mnywaji kujua. Rafiki yangu ameniambia nijaribu mikutano ya AA (Alcoholics Anonymous), ya wanywaji wanaosaidiana kuacha pombe, ila nasikia inafanyika kanisani, unasimama mbele za watu unasema wewe ni mlevi, na mwisho mnaomba. Mimi Muislamu nitaingiaje? Na nikikutana na mzazi wa mwanafunzi wangu? Mikutano yenyewe inapatikanaje, na kweli inasaidia, au niendelee kujitahidi peke yangu?"*

Mwalimu, umeuliza juu ya kanisa, aibu na mikutano, na yote nitayafikia. Niruhusu kwanza nishike kitu ulichokitaja kwa kupita tu: ile mikono iliyotetemeka. Usipokielewa, unaweza kujidhuru ukiwa na nia njema kabisa.

Robo lita ya pombe kali yenye alkoholi asilimia 40 hubeba karibu gramu 80 za alkoholi yenyewe. Tukihesabu gramu 10 kwa kinywaji kimoja, kipimo ambacho Shirika la Afya Duniani hukitumia katika maswali yake ya kupima unywaji, hivyo ni vinywaji vinane kila jioni. Ubongo unaopokea kiasi hicho siku nenda siku rudi haukai tu. Alkoholi ni kama mguu uliokanyaga breki: hupunguza kasi ya mishipa ya fahamu, ndipo mwili ukalegea na mawazo yakatulia. Ubongo nao, ili ukuweke macho na kesho yake uingie darasani, hujibu kwa kukanyaga mafuta zaidi. Miaka inapita breki na mafuta vikikanyagwa pamoja, na wewe unajiona uko sawa. Kisha mwezi unaandama, unaondoa mguu kwenye breki kwa ghafla. Mafuta bado yamekanyagwa. Kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, usingizi kupotea, hofu isiyo na sababu: hilo ni gari lisilo na breki. Vijana wetu wa Pwani waliozama kwenye heroini huiita hali yao arosto. Pombe nayo ina arosto yake, na ya pombe inaweza kumuua mtu mzima mwenye nguvu zake.

Dalili za mwanzo huja saa chache tu baada ya kinywaji cha mwisho, mara nyingi kati ya saa 6 na 24. Degedege, kama ipo, hupenda kuja ndani ya siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne baadhi ya watu huanza kuweweseka, kuona wadudu au watu ambao hawapo, kupanda homa, kutojua walipo. Wewe ulikunywa kwa pupa siku za vunja jungu, ukakata ghafla, na siku ya pili ukatetemeka. Ratiba ni ile ile. Ulikuwa umefunga, hunywi maji mchana, na umesimama mbele ya darasa. Namshukuru Mungu kwamba yaliishia hapo.

Utajiuliza mbona miaka ya nyuma haikuwa hivyo. Kwanza, kiasi kimepanda. Pili, ubongo uliokatiwa pombe ghafla mara nyingi, ukarudishiwa, ukakatiwa tena, huzidi kuwa mwepesi kuwaka: kila kuacha kunaweza kuwa kukali kuliko kulikotangulia. Kwa hiyo ule mtindo wa kuacha Ramadhani na kurudi Idi, ambao wewe unauhesabu kuwa ushahidi wa uzima, huenda ndio unaokuongezea hatari mwaka baada ya mwaka.

Ndiyo maana nakwambia jambo ambalo najua ni zito Muislamu kuambiwa: usikate ghafla peke yako leo usiku. Nenda kwa daktari kesho, umwambie kiasi halisi bila kupunguza chupa hata moja, na umweleze ile mikono. Anaweza kukupa dawa ya kutuliza ubongo, kwa kawaida jamii ya diazepamu, kwa siku chache na kwa kipimo kinachoshuka, pamoja na vitamini B1, kwa sababu wanywaji wa muda mrefu hupungukiwa nayo na upungufu huo huharibu kumbukumbu. Wengi humaliza hatua hii nyumbani wakiwa na mtu wa kuwaangalia. Ikiwa umewahi kupata degedege, au una kisukari, shinikizo la damu au ini lenye matatizo, utahitaji kitanda cha hospitali. Hapo Mombasa anza na hospitali kuu ya rufaa ya Pwani au Port Reitz, ambako huduma za afya ya akili zipo. Na Ramadhani ikikukuta katikati ya tiba, mgonjwa ana ruhusa yake katika dini. Zungumza na daktari pamoja na sheikh unayemwamini, wote wawili.

Sasa nije kwenye maneno yako, "naacha mwezi mzima, kwa hiyo mimi si mlevi." Katika kazi hii ya ushauri nasaha nimeyasikia mara nyingi mno, na jirani zetu Wakristo wana ya kwao ya Kwaresima. Kuacha na kubaki umeacha ni mambo mawili. Uraibu haupimwi kwa urefu wa siku ulizoweza kukaa bila pombe. Unapimwa kwa kinachotokea ukishaionja tena, kwa kiasi kinavyopanda, kwa uongo unaoubeba ili kuificha, na kwa kuendelea huku ukiona madhara. Sikupi hukumu ya ugonjwa kupitia barua. Hiyo ni kazi ya mtu atakayekuona uso kwa uso. Lakini kwa uliyoyaandika, ningekuwa nakudanganya kama ningesema sina wasiwasi.

Na hiyo Ramadhani, hebu itazame tena kwa jicho jingine. Nani alikuwa anakubeba mwezi ule? Daku unaamshwa. Mchana walimu wenzako hawali mbele yako. Magharibi unafuturu na wanao mkekani, saa ile ile ambayo miezi mingine huwa umo ndani ya gari. Usiku tarawehe, bega kwa bega na watu unaowajua kwa majina. Na kila usiku unatia nia ya kesho yake tu, kama tulivyofundishwa sisi wa Kishafii tangu chuoni. Hujibebeshi siku thelathini kwa mkupuo. Kisha mwezi wa Shawwal unaandama, takbira zinapigwa, na ndani ya usiku mmoja yale mabega yote yanaondoka, ratiba inaondoka, saa ya magharibi inabaki tupu. Idi pili umerudi garini. Unauliza uendelee kujitahidi peke yako. Kwa nionavyo mimi, Mwalimu, siku ulizoweza hukuwa peke yako, na siku za upweke ndizo ulizokunywa.

Mikutano ya AA, kwa ufupi, ni jaribio la kuyafanya yale mabega yakae miezi yote kumi na miwili.

Nikueleze ilikotoka, kwa sababu ukijua chimbuko hutashangaa kwa nini hakuna daktari wala padri anayeiongoza. Mnamo Mei 1935 mfanyabiashara wa hisa kutoka New York, Bill Wilson, alikuwa katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Alikuwa na miezi michache tu bila pombe. Biashara iliyompeleka huko ilikuwa imevunjika, na hotelini alikofikia baa ilikuwa hapo hapo, inasikika. Hamu ikampanda. Badala ya kuingia baa alishika simu, akaanza kutafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akaunganishwa na daktari wa upasuaji wa mji ule, Bob Smith, ambaye alikubali kwa shingo upande na kusema atakaa dakika 15 tu. Walikaa kwa saa kadhaa mpaka usiku. Bill hakumhubiria, alimsimulia yaliyomkuta yeye. Daktari Bob alikunywa mara ya mwisho Juni 10, 1935, na AA huihesabu siku hiyo kuwa ndiyo ya kuzaliwa kwake. Kilichogunduliwa pale ni kidogo na kikubwa: anayesaidia husaidika. Bill alipata kinga yake kwa kumtafuta mwenziwe.

Kuhusu kanisa. Vikundi hukodi ukumbi wowote wenye viti na bei nafuu jioni, na kumbi za makanisa ndizo nyingi. Vingine hukutana hospitalini au kwenye vituo vya tiba. AA haiko chini ya dhehebu lolote, na sharti lake la kuingia ni moja tu: kutaka kuacha kunywa. Hakuna ada. Kikapu hupitishwa kwa ajili ya kodi na chai. Weka shilingi 50 ukipenda, au kipitishe tu.

Lakini sitakuficha upande wa pili. Waanzilishi walitoka katika vuguvugu la Kikristo, na harufu yake imebaki. Katika hatua 12, yaani mwongozo wa AA wa kujinasua na pombe, Mungu anatajwa, ingawa kwa maneno yanayoacha kila mtu amwelewe Mungu kadiri anavyomfahamu. Mikutano mingi husoma dua fupi ya kuomba utulivu, na baadhi hufunga kwa sala ya Kikristo ya Baba Yetu, watu wakishikana mikono katika duara. Hulazimishwi kuitamka. Kaa kimya, omba unavyoomba wewe. Kama kushika mkono wa asiye maharimu kunakutatiza, weka mkono wako kifuani. Wenyeji wa vikundi vya Pwani wameshaliona hilo. Wapo pia Waislamu waliotaka hatua hizo kwa lugha ya dini yao: huko Baltimore, Marekani, mwaka 1989 kulianzishwa Millati Islami, jumuiya ya Waislamu wanaojinasua na ulevi na dawa za kulevya, wakaziandika upya hatua 12 kwa msingi wa Kiislamu. Maandiko yao unaweza kuyasoma kwenye intaneti na kwenda nayo moyoni hata kama umeketi katika kikundi cha mchanganyiko.

Najua kuna swali jingine chini ya hilo la kanisa, ambalo hukuliandika. Tumelelewa kwamba dhambi aliyoisitiri Mungu usiitangaze. Je, kuzungumza pale si kujifedhehesha? Mimi si sheikh na sitatoa fatwa. Ninachoweza kukueleza ni kinachofanyika: watu pale hawajisifu wala hawatajani. Wanaeleza maradhi yao kwa wenye maradhi hayo hayo ili wapone, kama unavyomvulia daktari shati. Mpelekee sheikh swali hilo kwa sura hiyo, na uchague sheikh anayejua kusikiliza. Muulize pia lile la siku arubaini, kwamba swala ya aliyekunywa haikubaliwi kwa siku hizo. Nimeona wanaume wakiacha swala kwa kudhani kwamba, maadamu wamekunywa, hakuna maana ya kuswali, wakati masheikh hufundisha kwamba wajibu wa swala haukuondoki. Kwa kuacha msikiti walijikatia wenyewe kundi la watu lililokuwa limebaki.

Kusimama na kusema "mimi ni mlevi", basi. Mkutano wa kawaida huchukua saa moja au moja na nusu. Mwendeshaji, ambaye ni mwanachama tu aliyeshika zamu, anafungua, zinasomwa hatua, mmoja anasimulia safari yake, kisha nafasi inazunguka. Wengi huongea wameketi. Hapa kwetu utasikia Kiswahili na Kiingereza vikichanganywa. Zamu ikikufikia sema jina lako la kwanza na "leo nimekuja kusikiliza", basi inapita kwa jirani. Hakuna atakayekukatiza wala kukujibu ukiongea, na hakuna atakayekulazimisha ujiite jina usilolikubali. Wapo walionyamaza miezi miwili mizima. Mtu mmoja aliyepitia mikononi mwangu, seremala, alihudhuria wiki tisa bila neno. Siku aliyofungua mdomo alisema sentensi moja tu, kwamba jana yake amepita mlango wa mangwe, kilabu cha pombe, na hakuingia. Hiyo ilitosha.

Hofu ya kuonekana ni ya kweli, hasa kwa mwalimu. Hakuna rejista. Hakuna orodha inayokwenda kwa Tume ya Huduma za Walimu, kwa mkuu wa shule wala kwa polisi. Majina ni ya kwanza tu, na linalosemwa pale hubaki pale. Huo ni utaratibu wa heshima, haulindwi na sheria, kwa hiyo usitaje jina la shule yako wiki ya kwanza. Kuna mikutano ya wazi, ambako ndugu, wanafunzi wa udaktari au wageni wanaweza kuketi, na ya faragha, ambayo ni ya wenye kutaka kuacha pombe peke yao. Wewe anza na ya faragha. Mzazi wa mwanafunzi wako akiwamo mle, naye amekuja kwa shida ile ile, na ana siri ya kutunza kama wewe.

Na nikwambie kwa upendo, Mwalimu: tangawizi haifichi. Alkoholi hutoka kwenye damu, ikapita mapafuni, ikatoka na pumzi saa baada ya saa. Ukitafuna tangawizi unanukia tangawizi na pombe. Mkeo ameshajua. Darasani pia huenda wapo wanaojua. Kuonekana unakoogopa kumeshaanza kutokea, ila kwa sasa unaonekana ukinywa.

Namna ya kupata mikutano. Piga 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, uombe mikutano na huduma za tiba zilizo karibu nawe. AA ya Kenya ina ukurasa wake wenye ratiba na namba za kupiga, na ipo programu ya simu ya AA iitwayo Meeting Guide, ya bure, inayoonyesha mikutano iliyo karibu. Usiende kwa ratiba uliyoikuta tu. Kumbi hubadilika, saa hubadilika, na kukuta mlango umefungwa siku ulipojipa moyo kunavunja sana. Piga kwanza. Uliza kama ni wa wazi au wa faragha, lugha gani, mlango upi. Waweza hata kuomba mwanamume mmoja akungoje nje akuingize. Hilo kwao ni sehemu ya kujitibu, kama nilivyokueleza kuhusu Bill.

Pwani, kwa sababu ya janga la heroini, NA (Narcotics Anonymous), jumuiya ya wenye uraibu wa dawa za kulevya, imeshika mizizi sana, na kwao pombe huhesabiwa kuwa dawa kama nyingine. Kama AA iko mbali au saa hazikufai, mlango huo nao uko wazi kwako, ingawa utakutana na simulizi ambazo si zako, sindano na jela, na huenda ukarudi nyumbani ukijiambia "mimi sijafika huko". Jihadhari na hesabu hiyo.

Mikutano ya mtandaoni nayo iliongezeka sana mwaka 2020 wakati wa korona na mingi imebaki. Unaweza kuingia kwa Zoom, kamera imezimwa, usiku wa manane. Ni nzuri kwa kuonja na kwa siku ngumu. Mtu anayekunywa akiwa amejifungia garini, hata hivyo, ningependa hatimaye aketi kwenye chumba chenye watu.

Nenda kwenye vikundi vitatu au vinne tofauti kabla ya kuamua, kama vile ungesali misikiti kadhaa ya mtaani kabla ya kujua ni upi moyo unatua. Vikundi havifanani. Baadaye utaambiwa utafute sponsa. Neno hili mitaani lina maana nyingine kabisa. Pale ni mwanachama wa zamani zaidi, mwanamume kwa mwanamume, anayekupigia simu na kukupitisha hatua moja moja. Chagua mwenye maisha unayoyatamani, na usiwe na haraka. Ondoka kwa yeyote anayekukopa fedha, anayewatongoza wageni, au anayekwambia utupe dawa ulizoandikiwa. Msimamo wa AA yenyewe ni kwamba mwanachama asijifanye daktari.

Je, inasaidia? Mapitio makubwa ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima tiba, yalikusanya tafiti 27 zenye watu 10,565. Walioelekezwa AA kwa mpango maalumu, takriban 42 katika kila 100 walikuwa hawanywi kabisa baada ya mwaka. Kwa waliopewa tiba nyingine, ikiwamo ya mazungumzo, walikuwa 35. Hiyo ni tofauti ya kweli, na kwa kitu kisicho na ada ni kubwa. Soma pia upande uliobaki: zaidi ya nusu walikuwa wamekunywa. Na nyingi ya tafiti hizo zilifanyika Marekani. Kwa hiyo mimi simwambii mtu kwamba AA ni njia pekee. Zipo dawa zinazopunguza hamu, kama naltreksoni na akamprosati, ambazo daktari anaweza kuziandika na ambazo hazigombani na mikutano. Ipo tiba ya mazungumzo na mwanasaikolojia. Ipo SMART Recovery, jumuiya nyingine ya kusaidiana kuacha, iliyoanza mwaka 1994, ambayo haina habari ya Mungu ndani yake na hukutana zaidi mtandaoni. Vipo vituo vya kulazwa miezi mitatu, ambavyo hugharimu sana na ambavyo kwa mtu mwenye kazi, mke na nyumba nisingevitanguliza. Ningekupa daktari kwanza, kisha mikutano mara kadhaa kwa wiki, na dawa ya kupunguza hamu ikiwa daktari ataona ini lako linaruhusu.

Ukiteleza, rudi mkutanoni siku hiyo hiyo au kesho yake. Usisubiri kujitakasa kwanza. Waliokaa miaka mle ndani wengi waliteleza mwanzoni, na hakuna atakayekufukuza.

Nimebakiza ule unga wa chai, na hapa naomba mkeo asome pia. Dada yangu, najua umechoka. Lakini nyingi ya dawa hizo zinazouzwa kwa kunong'onezana hujui zina nini, na ile inayojulikana kufanya kazi ya namna hiyo ni disulfiramu. Huzuia mwili kuvunja sumu inayotokana na pombe. Mtu akinywa juu yake, sumu hiyo inajaa kwenye damu: uso unawaka, anatapika, moyo unakwenda mbio, shinikizo linaweza kushuka mpaka akazimia, na mwenye moyo dhaifu anaweza kufa. Daktari huitoa kwa mgonjwa aliyeelezwa na akakubali, ambaye hajanywa kwa angalau saa 12, na baada ya vipimo. Kuitia kwenye chai ya mtu anayekunywa kila jioni, akaendesha gari, ni kucheza na roho yake. Tena siku atakapojua, hatakunywa tena chai mkononi mwako, na wewe ndiye mtu anayemhitaji zaidi. Mke wa Bill Wilson, Lois, alipitia uliyopitia, na mwaka 1951 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Al-Anon, mikutano ya wake, waume na watoto wa wanywaji. Iko kwa ajili yako hata kama Mwalimu hatakwenda kwenye mikutano yake. Huendi kujifunza kumwachisha; unakwenda kupumua.

Mwalimu, zipo hali ambazo hutakiwi kungoja miadi wala mkutano: degedege, kuona au kusikia visivyokuwepo, kuchanganyikiwa, homa pamoja na kutetemeka, kutapika damu, macho kuwa ya manjano, au wazo la kujiua, hata likipita kwa dakika moja. Hapo ni kitengo cha dharura mara moja, na upelekwe, usiendeshe wewe.

Vinginevyo, kesho daktari. Daktari akishakupangia tarehe ya kuacha, piga ile namba ili mkutano wako wa kwanza uangukie wiki hiyo hiyo. Mwambie mkeo siku na saa. Na kwa kuwa gari ndilo limekuwa baa yako, siku hiyo liache nyumbani, mpe yeye ufunguo, ukachukue tuktuk.